Masale Juu ya Ufa

Kwetu mlimani mtu haulizwi ana kazi gani. Anaulizwa kihamba chake kiko wapi. Kihamba ni ile migomba na kahawa chini yake, nyumba katikati, ng'ombe wa kufungia ndani, na makaburi ya waliotangulia pembeni. Ukiwa nacho, ukikohoa barazani watu wanageuka. Usipokuwa nacho, hata ujenge ghorofa Moshi mjini, wazee watakusikiliza kama wanavyosikiliza redio ya jirani.

Mimi sikupewa. Nalisema mapema ili mtu asije akaniambia nimelificha. Mila ya kwetu ni kwamba kifungua mimba anakatiwa kipande chake, kitinda mimba anabaki na nyumba ya baba na mama, na sisi tuliozaliwa katikati tunapewa baraka. Baraka hailimiki. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaambiwa inatosha, nikashuka. Nilianza kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani hadi sokoni Kiboriloni. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayewabebesha wengine. Nikakodi majaruba ya mpunga Mabogini, kule tambarare ambako watu wa mlimani walikuwa wakisema panakaa vyura na wagonjwa. Malaria iliniuma, nami nikaing'ang'ania ile nchi mpaka ikanizoea. Siku serikali inaanza kuwaambia watu wakae vijijini kwa pamoja, mimi nilikuwa na nyumba ya matofali na bati, na sikuwa nimesaidiwa na mtu hata mmoja wa ukoo wangu.

Ninayoyaandika hapa ni habari za mama yangu na udongo uliokuwa juu ya nyumba yake.

Nyumba ile baba aliijenga mahali pa mteremko mkali. Ukisimama mlangoni, majani ya migomba ya jirani wa chini yalikuwa usawa wa miguu yako. Ukigeuka nyuma, mashina ya migomba yetu ya juu yalikuwa usawa wa macho. Na juu ya hiyo migomba ulipita mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu, unaochota maji mtoni huko karibu na msitu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima, kihamba hadi kihamba. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Ukivunja zamu ya mwenzako unaitwa mbele ya mzee wa mfongo, na mzee wa mfongo hakuwa mtu wa mzaha.

Baba alikuwa ameshakufa. Mama alikaa na mdogo wangu, kitinda mimba, na mke wake na binti yao mmoja. Mdogo wangu alikuwa mtu mpole mno. Ukimkanyaga alikuomba radhi yeye.

Kiangazi kimoja maji yakaanza kupotea. Yaliingia kihamba chetu yakiwa mengi, yakatokea upande wa pili yakiwa kama mkojo wa mbuzi. Watu wa chini wakavumilia, kisha wakachoka. Wakaenda kwa mzee wa mfongo. Akaja, akatazama maji yanapoingia, akatazama yanapotokea, akamwita mdogo wangu.

"Kijana, maji haya unayapeleka wapi?"

"Siyapeleki popote, meku," akamjibu mzee kwa heshima.

"Basi unayanywa."

Watu wakacheka. Mama akatoka nje na mwiko mkononi.

"Mwanangu hajaiba hata ndizi iliyoanguka yenyewe! Mtazameni. Huyo ana uso wa kuiba?"

"Maji hayaibwi na uso, mama," mzee akamjibu. "Yanaibwa na jembe."

Wakamtoza pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, na beberu. Mdogo wangu akalipa. Wale waliomtoza wakanywa ile mbege, wakasema ni nzuri. Lakini ugomvi haukuisha, kwa sababu maji hayakurudi. Watu wa chini wakaapa kwamba hawatatia jembe tena kwenye mfongo wa wezi.

Haikupita muda mrefu mdogo wangu akateremka Mabogini kunitafuta. Alinikuta jarubani, matope mpaka magotini. Akanisalimia, akasimama kwenye tuta akikunjakunja kofia.

"Kaka, nilikuwa nang'oa kisiki cha mgomba. Jembe likazama."

"Limezama vipi?"

"Limezama lote na mpini wake. Halafu nikalala kifudifudi, nikatega sikio. Maji yanalia huko chini."

Nikapanda naye siku ile ile. Alikuwa ametandua majani makavu yaliyotandazwa chini ya migomba, na ardhi ilikuwa wazi. Ufa. Ulianzia upande mmoja wa kihamba hadi wa pili, juu ya nyumba, chini ya mfongo, umejipinda kama mdomo wa mtu anayecheka. Mahali pengine ulipitisha kiganja, mahali pengine ulipitisha mguu. Tukachukua mti wa kuegemezea mgomba, tukautumbukiza. Tukaongeza mwingine. Haukugusa kitu. Maji ya watu wa chini, yale waliyomtoza beberu, yalikuwa yanaingia mlimani.

Nikaenda kwa mama, nikamkuta anamenya ndizi.

"Mama, funga vitu vyako. Unakwenda kwangu."

Hakuinua kichwa. "Nikale nini huko? Vyura?"

"Chakula kipo. Kuna mpunga."

"Wali ni chakula cha harusi. Mtu hawezi kukaa harusini mwaka mzima."

"Mama, mlima umepasuka juu ya kichwa chako."

"Mlima huu ulikuwa juu ya kichwa changu kabla hujazaliwa wewe." Akatupa ganda. "Au leo ndiyo umekumbuka kwamba hukupewa kihamba?"

Hilo ndilo lililonifunga mdomo miaka yote. Neno lolote nililosema juu ya ardhi ile lilionekana linatoka tumboni mwa mtu mwenye njaa ya ardhi. Ningesema ndizi zimeiva, wangesema nazitamani.

Sasa msikilize jambo ambalo watu wa leo hawalielewi. Mwaka mmoja nyuma, kwenye mgongo wa pili wa mlima, ng'ambo ya korongo, ardhi ilikuwa imeporomoka ikafukia nyumba na watu wake. Serikali ikasema italeta mtaalamu apite kila kitongoji apime: nani yuko hatarini, nyumba ipi inaweza kusombwa, nani hawezi kukimbia. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini siku zile zile tulikuwa tunasikia kwamba mikoa mingine watu wanapakiwa kwenye malori wapelekwe vijiji vipya, na wanaokataa wanang'olewa mapaa. Kwetu lori halikuja. Lingekuja kufanya nini, wakati tulikuwa tumebanana tayari kama mbegu za kahawa? Ila woga haungojei lori ili upande mlima. Watu wakaambiana: huyo mpimaji akikukuta na hatari, unahamishwa. Unapelekwa tambarare, ukaishi kwenye mstari na watu usiowajua, kihamba chako kinagawiwa, makaburi ya wazee wako yanalimwa na mgeni.

Ukoo ukakaa kikao nyumbani kwa kaka yetu mkubwa, kifungua mimba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito, anayejua kunyamaza mpaka wengine wote wanyamaze. Mimi nilikaa karibu na mlango, mahali pa watu kama mimi. Kata ya mbege ikazunguka, ikanifikia imebaki machicha.

"Mpimaji anakuja," kaka mkubwa akasema. "Akiuona ufa ule, hatamhamisha mama peke yake. Atauhamisha mstari wote huu wa vihamba. Tutaondoka wote."

"Basi ufukiwe," mzee mmoja akasema. "Wahenga hawakusema tuzibe ufa?"

Wakacheka tena. Siku zile watu walicheka sana.

"Udongo mpya utaonekana," mwingine akasema. "Yule ana macho ya shule."

Kaka mkubwa akanywa, akafuta mdomo. "Tutapanda masale juu yake."

Nikaona nyuso zinafurahi moja baada ya nyingine. Kwa asiyejua, masale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukishapandwa mpakani, Mchagga haung'oi. Mtu anaweza kumuua ndugu yake kwa ajili ya mpaka, lakini masale hatayagusa. Na ukimkosea mtu ukamwendea na jani lake mkononi, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Nani angethubutu kuchimba chini ya masale kutafuta ufa?

Nikasema, "Na mvua ikija itaona masale ikarudi?"

Kaka mkubwa akanitazama kama mtu anayetazama mlango umejifungua wenyewe. "Wewe unakaa wapi siku hizi?"

"Mabogini."

"Basi ushauri wako wapelekee wa Mabogini."

Mdogo wangu alikuwa amekaa hapo hapo, ameinamisha kichwa. Ndiye mwenye nyumba, ndiye aliyesikia maji yakilia chini ya ardhi. Kesho yake alikuwa wa kwanza kushika jembe. Wakajaza ufa kwa udongo, samadi na magome ya migomba, wakapanda masale makubwa yaliyong'olewa na mizizi yake kutoka bondeni, wakatandaza majani makavu. Kazi nzuri. Ilipoisha ilionekana kama mpaka wa tangu enzi za wamangi, watawala wetu wa zamani.

Mpimaji akaja. Bwana mmoja mwembamba, ana buti za mpira, anaongozana na balozi wetu wa nyumba kumi. Mimi nilikuwa nimepanda makusudi. Nilikaa kwenye jiwe nje ya nyumba ya mama na hakuna aliyenikaribisha.

Sitamsema vibaya bwana yule. Alijua kazi yake. Alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akaomba kiti, akauliza maswali ambayo sikuwahi kumsikia mtu wa ofisi akiyauliza. Nyumba hii inalala nani? Mlango unafunguka upande gani? Mvua kubwa ikinyesha, nani anaamka? Ng'ombe wakisumbuka mnafanya nini?

"Bibi, ukisikia kishindo huko juu, utakimbilia wapi?"

"Nikimbie? Nimekuwa mbuzi?"

"Wengine wamekimbia wakapona, bibi."

"Na wengine wamekaa wakapona. Kunywa mbege yako, mwanangu, umekonda."

Akacheka, akanywa kwa adabu, akaondoka kupanda juu kwenye migomba. Sote tukamfuata. Alitembea polepole akitazama mashina. Akaugusa mgomba mmoja uliokuwa umelala kidogo, akatazama na wa jirani yake. Halafu akafika kwenye masale, akasimama.

"Huu mpaka ni wa nani na nani?"

"Wangu na mdogo wangu," kaka mkubwa akajibu. "Juu kwangu, chini kwake."

"Nimepita vihamba vingi, mzee wangu. Mipaka yenu inateremka na mlima. Huu umekata kihamba tumboni."

"Baba yetu ndiye aliyegawa hivyo."

"Na masale haya yamepandwa lini?"

"Tumezaliwa tumeyakuta."

Mtu huyo alikuwa mzee wa kanisa.

"Mwongo!" nikasema. "Bwana mpimaji, huo si mpaka. Chukua mti wowote hapo uuchomeke. Kuna ufa chini yake, umepita kihamba chote, na maji ya mfongo yanaingia humo. Nyumba ya mama yangu iko chini yake."

Hakuna aliyenirukia. Ningependa wangenirukia. Wazee kwa vijana, walitazama tu kahawa. Balozi akaanza kukohoa. Mpimaji akanitazama, akatazama masale, akanyoosha mkono kana kwamba atayagusa. Kaka mkubwa akasema taratibu, "Hayo hayaguswi, bwana. Ukiyagusa hapa, hutashuka na amani." Mkono ukarudi.

Kisha mpimaji akamgeukia mama, aliyekuwa amepanda nyuma yetu akishika fimbo.

"Bibi, wewe ndiye mwenye nyumba. Huyu ni mwanao. Anayosema ni kweli?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Nilidhani ataniona. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilisimama pale nikingoja kama nangoja kugawiwa nyama.

"Ni mwanangu," akasema. "Wa katikati. Huyu hakupewa kihamba, bwana, ndiyo maana."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mpimaji akaniambia, si kwa ubaya, "Ndugu yangu, mimi siwezi kung'oa kitu cha wenyewe kwa neno la mtu mmoja." Akawashauri wafunge mfongo kabla mvua hazijaanza na wasiufungue masika yote. Kisha akaenda zake nyumba inayofuata. Alikuja kupima nani yuko hatarini, na hakuwa na chombo cha kupima watu wanaoogopa lori kuliko mlima.

Nilipokuwa nateremka mama akanipigia kelele kutoka mlangoni, majirani wasikie: "Haya mangi wa tambarare! Nenda ukawapimie vyura wako!"

Sikurudi nyuma. Wala sikupanda tena miezi ile.

Masika yakakaribia. Mzee wa mfongo akaita msaragambo, watu wote waende juu mtoni kuziba mlango wa maji kwa mawe na mapande ya udongo wenye majani, kama inavyofanywa kila mwaka. Watu wa chini hawakutokea. Walisema walioyaiba maji wakayazibe wenyewe. Watu wa juu wakasema hawawezi kufanya kazi ya watu wa chini. Siku ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mawingu yakashuka mpaka kwenye migomba.

Mimi wakati huo nilikuwa kitandani. Malaria, ile ya kukutoa akili. Mke wangu alipeleka habari mlimani bila kuniambia. Jumamosi jioni nikafumbua macho nikaona mama amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, miguu ina matope mpaka kwenye goti, na sufuria limefungwa kwa kanga. Hakuja kuomba radhi. Alikuja na mtori wa ndizi.

"Kunywa," akasema. "Umekuwa mbaya kama kinyago."

Nikanywa. Mvua ikaanza kupiga bati. Aliitazama dari akasema bati linapiga kelele, mtu atalalaje humu.

Asubuhi ya Jumapili mvua ilikuwa bado inanyesha. Kule juu, mke wa mdogo wangu na binti yao walikwenda kanisani. Mwenyewe aliwaambia watangulie, kwamba anapitia mtoni kuziba mfongo, maji yamezidi na watu wameshindwa kuelewana, basi ataufunga yeye peke yake halafu atawafuata. Akachukua jembe. Mtu aliyekuwa ng'ambo ya korongo alimwona anarudi, ametoka kwenye mfongo, anateremka kwenye migomba ya juu ya nyumba. Akasema halafu migomba ikaanza kutembea. Ilitembea imesimama, kama watu wanaotoka ibadani, ndipo ikalala yote mara moja.

Waliokuwa kanisani walisikia wakadhani ni lori.

Nilipandishwa nikiwa na homa, naegemea mabega ya watu. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na zizi. Palikuwa na jeraha jekundu kutoka juu mpaka mtoni, linatoa maji. Upande mmoja palibaki ulimi mwembamba wa kihamba, wenye kaburi la baba na migomba michache. Tulichimba. Wale wa chini, waliokataa kwenda kwenye mfongo, wakaja wakachimba kuliko wote. Tulichimba mpaka watu wakawa wanachimba kwa heshima tu. Mdogo wangu hatukumpata.

Yule mpimaji akarudi. Alivua kofia, akasimama kando yangu kwenye ukingo.

"Ufa ulikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikanyoosha kidole hewani. Palikuwa hakuna tena ardhi ya kuonyesha, ila juu kabisa, kwenye mdomo wa lile jeraha, ambako upande mmoja wa ufa ulikuwa umebaki. Masale kadhaa yalikuwa bado yamesimama pale kwenye mstari. Aliyaona. Akavaa kofia yake akaondoka.

Kwenye matanga kaka mkubwa alisimama mbele ya ukoo. Hakusema habari za masale. Alisema kuna ulimi uliosimama juu ya ardhi ile mbele ya mgeni ukaitabiria mabaya, na ardhi ina masikio. Watu wakanigeukia. Mimi nilikuwa natetemeka kwa homa, na hilo nalo likahesabiwa.

Mke wa marehemu akarudi kwao na bintiye, kwa sababu hakuzaa wa kiume na hapakuwa na kitu cha kumpa hata kama angezaa. Mama akaja kwangu. Nilipata nilichokuwa nakitaka. Alikuwa hai, chini ya bati langu, mbali na ule mlima.

Aliishi kwangu miaka mingi, na aliishi kama abiria. Nguo zake hazikutoka kwenye furushi. Nilimletea machipukizi ya mgomba kutoka kwetu, ayapande uani apate mahali pa kushikashika. Yakakauka ukutani yameegemea. "Mtu hapandi mahali anaposubiri," akamwambia mke wangu. Asubuhi zile ambazo mlima unaonekana wazi hadi theluji yake, wageni wakisimama kuushangaa, yeye aligeuza kigoda akaupa mgongo.

Mara moja tu nilimwuliza. Tulikuwa tunachambua mchele.

"Mama, siku ile ulijua ule si mpaka?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Ningesema ni ufa, wangenipeleka wapi?"

"Kwangu. Ungekuja kwangu."

"Si niko kwako?" Akapeta ungo, makapi yakaruka. "Na yeye yuko wapi? Kama ningekuwa kule Jumapili ile, asingetoka. Mimi ndiye niliyekuwa namkataza kwenda kwenye ule mfongo peke yake. Nilikuja kukunywesha mtori wewe."

Sikumwuliza tena. Lakini na mimi niseme langu, maana sasa hakuna wa kunikataza. Nilisema kweli. Nilisema kweli peke yangu, mbele ya watu, na mama yangu mwenyewe alinikana. Neno hilo silijutii na silifuti.

Alifariki katika miaka ile ya shida, wakati hata saruji ya kusakafia kaburi ilikuwa ya kutafuta kwa ndugu wa ndugu. Kabla hajafa aliniambia jambo moja tu kwa kunishika mkono: nisimzike kwenye matope ya mpunga. Alitaka alale kando ya mume wake, kwenye kile kipande cha kihamba kilichobaki.

Nikapanda kwenda kuomba. Kaka mkubwa alikuwa amezeeka, sauti bado nzito. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa barazani kwake, na kata ikizunguka.

"Shikamooni. Mama amesema alale na baba."

"Marahaba. Ndiyo haki yake," kaka mkubwa akasema. "Lakini wewe unamleta ukiwa na nini mkononi?"

Sikuelewa. Mzee wa mfongo, ambaye sasa hakuwa na mfongo, akanielewesha. "Uliisema vibaya ardhi ile mbele ya mgeni. Hujawahi kuiomba radhi. Lete jani la masale, yaishe, tumzike mama yenu."

"Mimi?" nikasema. "Mimi niombe radhi? Mliopanda ni ninyi! Mliodanganya ni ninyi! Mimi nilisema kweli!"

"Hatukuulizi ukweli," kaka mkubwa akasema. "Tunakuuliza jani."

Niliwatazama mmoja mmoja. Mimi ni mtu ambaye sikuwahi kumpigia magoti bwana wa mashamba, wala bwana wa ushuru, wala askari aliyekuwa akinivizia barabarani nikiwa na gunia la mchele. Nje, kwenye gari ya kukodi, jeneza lilikuwa linapigwa jua, na wanawake walikuwa wameshachoka kuimba.

Nikatoka. Masale yalikuwa hapo hapo kwenye mpaka wa kaka mkubwa, ya kukata kwa mkono. Nikayapita. Nikapanda mpaka juu, kwenye mdomo wa jeraha, pale walipopanda ule mpaka wao wa uongo. Yalikuwa yamenenepa. Yalikuwa yamezaa, yamejaza mapengo, mazuri kuliko masale yote ya mstari ule. Nikakata jani moja, nikateremka nalo.

Nilipiga magoti barazani mbele ya watu wote. Kaka mkubwa akalipokea kwa mikono miwili kama mila inavyotaka, akalilaza mapajani. Hakuniuliza nimelikata wapi. Akachota mbege, akanipa, na safari hii kata ilikuwa imejaa.

"Yameisha," akasema. "Na kwa kuwa mdogo wetu hakuacha mtoto wa kiume, ukoo umekubaliana. Kihamba kile sasa ni chako."

Wazee wakaitikia. Kile kipande cha kaburi na lile jeraha jekundu hadi mtoni. Nikauliza, maana mtu akipewa ardhi lazima aulize, mipaka yake ni ipi.

Akanyoosha fimbo kuelekea juu mlimani.

"Chini ni mto," akasema. "Juu ni yale masale."

Nikasema aika, asante ya kwetu, nikanywa. Jeneza lilikuwa bado juani.